Kucheza Pool kwa Mwenye Maumivu Sugu ya Mgongo

Pool huhesabiwa miongoni mwa michezo isiyouchosha mwili, kwa kuwa mchezaji hakimbii, haruki wala hasukumani na mwenzake, na kwa sababu hiyo huchezwa na vijana na wazee, wanaume na wanawake, katika baa, vibanda vya mitaani na kumbi za michezo kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Kampala na Bujumbura. Hata hivyo mchezo huu una sharti moja ambalo uzito wake hujulikana tu na mtu anayeumwa mgongo: kila pigo humtaka mchezaji ainame juu ya meza, autulize mwili katika hali hiyo bila kutikisika, kisha ainuke, na tendo hilo hurudiwa mara nyingi kabla mchezo haujaisha. Mwenye mgongo mzima hulifanya bila kulifikiria, lakini mwenye maumivu sugu huliogopa kabla halijaanza, na wengi wa namna hiyo huiacha fimbo wakiamini kwamba zama zao za kucheza zimepita. Imani hiyo mara nyingi si ya kweli. Makala haya yanaeleza kwa nini kuinama mezani huutesa mgongo, mkao upi hupunguza mzigo huo, na kwa nini nidhamu ambayo mgongo mgonjwa humlazimisha mchezaji kuishika ndiyo hiyohiyo inayomfanya alenge vizuri zaidi.

Maumivu sugu ni nini

Kitabibu, maumivu ya mgongo huitwa sugu yanapodumu kwa zaidi ya miezi 3, yawe yanauma mfululizo au yanaondoka na kurudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani sehemu iliyo kati ya mbavu za mwisho na makalio, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna hali nyingine inayowafanya watu wengi zaidi washindwe kutenda shughuli zao za kila siku.

Kwa wagonjwa walio wengi, takriban 9 katika kila 10, maumivu hayo huitwa yasiyo na chanzo mahususi, maana yake uchunguzi hauonyeshi mfupa uliovunjika, uvimbe, maambukizi wala ugonjwa mwingine unaoweza kutajwa kuwa ndio unaoyaleta. Jina hilo halimaanishi kwamba mgonjwa anajisingizia. Linamaanisha kwamba maumivu hutokana na mchanganyiko wa mambo, yakiwamo misuli iliyodhoofika, viungo vilivyokakamaa, usingizi mbaya, wasiwasi, na mishipa ya fahamu iliyozoea kutuma ishara ya hatari hata pale ambapo hakuna kinachoumia upya. Ndiyo maana mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unatilia mkazo elimu na mazoezi ya mwili, na haupendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida. Kutoka katika msingi huo linapatikana jambo la kumtia moyo mpenzi wa pool, kwamba kwa wagonjwa wengi kujongea kwa kipimo ni sehemu ya nafuu, na kwamba swali la maana ni namna gani wacheze, kwa muda gani na kwa mkao upi.

Yanayotokea mgongoni mchezaji anapoinama

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea, 7 za shingoni, 12 za kifuani na 5 za kiunoni, ambazo zimekalia mfupa mpana wa nyonga uitwao sakramu. Kati ya pingili na pingili mna diski, kipande chenye ukuta mgumu wa nyuzinyuzi na ute mzito ndani yake, ambacho kazi yake ni kupokea mgandamizo na kuuruhusu mgongo upinde. Pingili za kiunoni ndizo zinazobeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa zimebeba kichwa, mikono na kiwiliwili kizima.

Meza ya pool, kwa vipimo vya chama cha dunia cha mchezo huo, ina kimo cha takriban sentimita 74 hadi 79 kutoka sakafuni hadi juu ya kingo zake, na mpira wenyewe una kipenyo cha milimita 57 tu. Mchezaji wa kimo cha sentimita 170 akitaka kuweka kidevu karibu na fimbo, kama inavyofundishwa mahali pengi siku hizi, hana budi kukishusha kichwa chake kwa zaidi ya nusu mita, na kiwiliwili chake hulala karibu sambamba na meza. Hapo misuli ya mgongo hulazimika kukizuia kiwiliwili kisianguke, na nguvu ya misuli hiyo huongeza mgandamizo juu ya diski. Mwaka 1999 mtafiti Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, waliupima mgandamizo huo kwa kifaa kilichoingizwa ndani ya diski ya kiunoni ya mtu mmoja aliyejitolea, wakakuta kwamba uliokuwa megapaskali 0.5 alipokuwa amesimama wima ulifika 1.1 alipoinama mbele, yaani zaidi ya mara mbili.

Mgandamizo huo peke yake haudhuru, kwa sababu diski imeumbwa kuuhimili. Kinacholeta taabu zaidi ni muda. Mgongo uliopinda ukikaa hivyo bila kujongea, ligamenti, yaani tishu ngumu zinazounganisha pingili na pingili, huanza kulegea na kunyooka kidogo kidogo, misuli huchoka, na mwili huhitaji muda wa kusimama wima ili urudi katika hali yake. Mchezaji anayeinama, akasogeza fimbo mbele na nyuma mara kumi huku akiwa bado hajaamua aupige mpira upande gani, anautoza mgongo wake gharama ambayo pigo lenyewe halikuihitaji.

Kuna mambo mengine mawili yanayoongeza taabu. La kwanza ni kwamba mkao wa pool hauko sawa kwa pande zote mbili, kwa kuwa mguu mmoja hutangulia, bega moja huenda mbele na kiwiliwili hujisokota, hivyo upande mmoja wa kiuno hufanya kazi zaidi kuliko mwingine. La pili ni shingo, ambayo hulazimika kukunjwa kuelekea nyuma ili macho yatazame mbele wakati kifua kimeelekea chini, na mchezaji aliyelala sana juu ya fimbo huweza kurudi nyumbani na maumivu ya shingo na mabega makali kuliko yale ya kiuno aliyokuwa akiyaogopa.

Migongo haifanani

Kabla ya kubadili mkao wake, mchezaji anapaswa kuujua mgongo wake, kwa maana ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumtesa mwingine. Wako wale ambao maumivu yao huzidi wanapoinama au kukaa kwa muda mrefu, na hao hujulikana kwa shughuli za nyumbani: kufagia kwa ufagio mfupi, kufua nguo kwenye beseni lililo chini, au kupuliza jiko la mkaa huwaachia kiuno kinachouma hadi jioni. Kwao adui ni kule kuinama kwenyewe, na manufaa makubwa yatatoka katika kusimama wima zaidi na kukunja nyonga badala ya kiuno.

Wako pia wale ambao hali yao ni kinyume, hasa watu wa umri mkubwa wenye ufinyu wa mfereji wa uti wa mgongo, yaani kusinyaa kwa nafasi ambamo neva hupita ndani ya pingili. Hao huumia wanaposimama au kutembea kwa muda, maumivu au ganzi hushuka hadi miguuni, na hupata nafuu wanapokaa au kuegemea mbele. Mtu wa namna hii anaweza kushangaa kwamba anapokuwa ameinama juu ya meza yuko salama, na kwamba kinachomtesa ni kusimama wima akimsubiri mwenzake amalize zamu. Tiba yake mezani ni kiti, na anapaswa kukikalia kila zamu inapoondoka kwake bila kuona haya.

Mkao unaouhifadhi mgongo

Msingi wa mkao mwema ni mahali ambapo mwili unakunjika. Watu wengi huinama kwa kukikunja kiuno na kuufanya mgongo uwe upinde, ilhali kiungo kilichoumbwa kwa kazi hiyo ni nyonga, mahali mfupa wa paja unapoingia kwenye fupanyonga. Nyonga ifanye kazi kama bawaba ya mlango: makalio hurudi nyuma, kifua huenda mbele, magoti hulegea kidogo, na mgongo hubaki katika mnyooko wake wa kawaida kuanzia shingoni hadi kwenye kifandugu. Misuli mikubwa ya makalio na ya nyuma ya mapaja huchukua sehemu kubwa ya kazi, na pingili za kiunoni hubaki karibu na hali yake ya kusimama.

Njia rahisi ya kujifunza jambo hili ni kuitumia fimbo yenyewe. Mchezaji huisimamisha fimbo mgongoni mwake, mkono mmoja ukiishika nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno, hali fimbo ikigusa mahali patatu: kisogo, sehemu ya juu ya mgongo kati ya mabega, na mfupa wa sakramu juu kidogo ya makalio. Kisha huinama polepole kwa kurudisha makalio nyuma. Fimbo ikiendelea kugusa sehemu zote tatu, nyonga ndizo zinazokunjika. Ikiachana na makalio au ikajitenga na kisogo, mgongo umeanza kujipinda, na hapo ndipo pa kusimama na kuanza upya. Akirudia hivyo mara chache kila siku kwa majuma machache, mwili huizoea njia hiyo na kuifuata hata pale akili inapokuwa imeshughulika na mipira.

Miguu nayo ina nafasi yake. Mchezaji anayeitanua kupita upana wa mabega huzishusha nyonga zake kwa sentimita kadhaa, na kila sentimita ambayo nyonga zimeshuka ni sentimita ambayo mgongo haukulazimika kuinamia. Mguu wa mbele ukikunjwa gotini huruhusu mwili ushuke zaidi bila kiuno kulipa, na wenye magoti mabovu wanaweza kugawa kazi hiyo kwa kuyalegeza yote mawili kidogo. Vidole vya mguu wa nyuma vikielekezwa nje kidogo, nyonga hugeuka pamoja na mguu, na ile hali ya kiwiliwili kujisokota juu ya kiuno hupungua.

Mkono wa mbele, yaani ule unaowekwa mezani ili fimbo ipite juu yake, unaweza kuwa nguzo pia. Mchezaji akiulaza mkono huo mezani hadi karibu na kiwiko pale nafasi inaporuhusu, meza hupokea sehemu ya uzito wa kifua ambayo vinginevyo ingebebwa na misuli ya mgongo. Anapomaliza kupiga, mkono huohuo uusukume ukingo wa meza wakati mguu wa nyuma unasogea mbele, ili mwili uinuke kwa miguu na mikono badala ya kuvutwa juu na kiuno.

Linabaki suala la kimo cha kichwa. Wengi huamini kwamba bila kidevu kugusa fimbo hakuna kulenga, na imani hiyo huwafanya wenye mgongo mbovu wajilazimishe kulala chini kuliko wanavyoweza. Historia ya mchezo inaonyesha vinginevyo. Willie Mosconi, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, alikuwa wa kizazi cha wachezaji waliosimama wima zaidi ya walio wengi wa leo, wakiitazama fimbo kutoka juu, na ndiye aliyeingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa katika mji wa Springfield, Ohio, mwaka 1954, rekodi iliyodumu hadi John Schmidt alipoingiza 626 mwaka 2019. Jambo la lazima kwa jicho ni kimo kisichobadilika, kwa kuwa ubongo hujifunza kuoanisha kile unachokiona na mahali mpira unapokwenda. Mchezaji anayeamua kusimama wima zaidi atakosa mipira mingi mwanzoni, na akivumilia na kukitunza kimo hicho kila pigo, shabaha yake hurudi.

Uamuzi hufanywa mtu akiwa wima

Kama kuna kanuni moja ambayo mwenye mgongo unaouma anapaswa kuishika kuliko zote, ni hii: kufikiri kufanyike mtu akiwa amesimama, na kuinama kuwe kwa ajili ya kupiga tu. Mchezaji husimama nyuma ya mpira mweupe, akaangalia mstari kati yake na mpira anaoulenga, akaamua shimo, nguvu ya pigo na mahali anapotaka mpira mweupe uishie. Anapaka chaki. Ndipo anaingia kwenye mstari huo kwa kusogeza miguu, anakunja nyonga, anaweka mkono mezani, anaisogeza fimbo mbele na nyuma mara mbili au tatu, anatulia, anapiga. Shaka ikimjia akiwa chini, asiijadili akiwa ameinama, bali ainuke, arudi hatua moja na aanze upya.

Walimu wa pool huwafundisha utaratibu huu hata wachezaji wasiojua maumivu ni nini, kwa sababu mstari wa pigo huonekana vizuri zaidi kutoka nyuma na juu kuliko pua ikiwa juu ya fimbo, na kwa sababu mtu anayebadili nia akiwa ameinama hubadili pia mwelekeo wa mkono wake bila kujua. Hapa ndipo mgongo unapogeuka mwalimu, kwa maana mwenye mgongo mzima anaweza kuivunja kanuni hii miaka mingi bila kuonywa na yeyote, na mwenye maumivu huonywa mara moja.

Mapigo marefu, pigo la kufungua na kuitoa mipira

Maumivu mengi ya mezani hayatoki katika mapigo ya kawaida, bali katika yale machache yanayomlazimu mchezaji kujinyoosha kupita kiasi. Mpira mweupe unapokuwa katikati ya meza, wengi huinua mguu mmoja, wakalaza tumbo ukingoni na kunyoosha mkono hadi bega linapoishia, huku kiuno kimejipinda na kujisokota kwa pamoja. Kanuni za mchezo zinadai mguu mmoja ubaki sakafuni wakati wa kupiga, lakini mgongo unadai zaidi ya hapo. Dawa yake ni fimbo ya kuegemezea, ile yenye kichwa cha chuma au plastiki kilichokatwa mabonde, ambayo huwekwa mezani badala ya mkono ili fimbo ya kupigia ipite juu yake. Kuitumia ni halali kabisa, na anayeona aibu kuichukua anasahau kwamba mabingwa huitumia mbele ya kamera bila wasiwasi. Kinachotakiwa ni kuifanyia mazoezi wakati wa kawaida, ili siku ya haja isiwe ngeni mkononi. Kujifunza kupiga kwa mkono wa pili nako huokoa safari nyingi za kujinyoosha, na meza ndogo ya futi 7, ambayo ndiyo iliyoenea katika baa na vibanda vya Afrika Mashariki, ina eneo la kuchezea la takriban mita 2 kwa 1, hivyo humwonea huruma mwenye mgongo kuliko ile ya futi 9 inayotumika katika mashindano makubwa ya dunia.

Pigo la kufungua mchezo, ambalo hutawanya mipira iliyopangwa kwenye pembetatu, huwavuta wachezaji watumie nguvu zote za mwili, wakiinuka na kurusha kiuno mbele kwa ghafla. Mwenye maumivu asishindane hapo. Pigo la nguvu ya wastani linaloufikia mpira wa kwanza kwa usahihi huitawanya mipira vya kutosha, na mpira mweupe hubaki mahali pa kuchezeka.

Lililo hatari kuliko pigo lolote ni lile ambalo hakuna anayelihesabu kuwa sehemu ya mchezo, nalo ni kuitoa mipira. Katika meza za kutumbukiza sarafu, mipira hukusanyika kwenye sanduku lililo chini ya usawa wa meza, na kuitoa yote humtaka mtu ainame, anyooshe mkono na ajisokote mara kadhaa mfululizo, mara nyingi akiwa ametoka kukaa muda mrefu. Anayejua mgongo wake hupiga goti moja chini, akaitoa mipira akiwa mbele ya sanduku badala ya ubavuni, au humwomba mwenzake afanye kazi hiyo, naye akalipia mchezo.

Muda, pombe na dawa

Mgongo wenye maumivu sugu hupenda dozi ndogo zinazorudiwa kuliko dozi kubwa ya mara moja. Nusu saa ya mchezo mara tatu kwa juma huujenga mwili, ilhali saa tano za mfululizo usiku wa Jumamosi huuvunja. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa fiziotherapia ni rahisi kukifuata: maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa kucheza, kisha yakarudi katika hali ya kawaida kabla ya asubuhi inayofuata, kiasi hicho kinabebeka; yakibaki juu hadi siku inayofuata, muda upunguzwe mara ijayo badala ya mchezo kuachwa kabisa. Kabla ya kuanza, matembezi ya dakika chache na kuinama taratibu kwa nyonga huuandaa mwili, na kati ya zamu na zamu ni vyema mchezaji ajinyooshe, azunguke meza au akae, kwa kufuata kile ambacho mgongo wake unakipenda.

Kwa kuwa pool huchezwa sana penye pombe, hapana budi kusema wazi kuhusu dawa. Dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa sana madukani, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, zikichanganywa na pombe huongeza hatari ya tumbo kutoa damu, na zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi zinaweza kudhuru figo. Pombe yenyewe huficha onyo la mwili, hivyo mchezaji huendelea kujinyoosha na kupiga kwa nguvu kwa saa kadhaa, na hesabu humjia asubuhi. Kumeza dawa ili kuweza kucheza zaidi ni kuununua mchezo wa leo kwa bei ya juma zima.

Kuujenga mwili nje ya meza

Mkao mwema hudumu ikiwa kuna misuli ya kuushikilia. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyeutafiti uti wa mgongo kwa miongo kadhaa, anajulikana kwa mazoezi matatu yasiyoukunja mgongo: kuinua kichwa na mabega kidogo mtu akiwa amelala chali na mikono chini ya kiuno, kujiinua kwa ubavu juu ya kiwiko, na kupiga magoti huku mikono yote miwili ikiwa sakafuni, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Hayahitaji kifaa, mkeka unatosha, na lengo lake ni ustahimilivu wa misuli, ambao ndio hasa unaohitajika na mtu anayeinama na kuinuka mara nyingi kwa jioni moja.

Kutembea nako si jambo dogo. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2024 katika jarida la tiba la Lancet, ukihusisha watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo wa chini, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa mediani (thamani ya katikati) ya siku 208 kabla maumivu hayajarudi, ikilinganishwa na siku 112 kwa wale ambao hawakupewa mpango huo.

Mfano wa Jeanette Lee

Kati ya wachezaji walioishi na mgongo mgonjwa, hakuna anayejulikana zaidi ya Jeanette Lee, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1971. Akiwa na umri wa miaka 13 aligundulika kuwa na skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda kwa ubavu, na madaktari waliunyoosha kwa upasuaji na vyuma. Upasuaji wa namna hiyo huziunganisha pingili zisijongee tena, na kwa hiyo mwili hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kupinda. Alianza kucheza pool akiwa na miaka 18, na katika miaka ya 1990 alifika nafasi ya kwanza duniani kwa upande wa wanawake. Mwaka 2001 alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Dunia iliyofanyika Akita, Japani, na mwaka 2013 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo nchini Marekani. Katika miaka hiyo yote maumivu hayakumwacha, na alirudi kwenye upasuaji mara kadhaa.

Mfano huu haufai kusomwa kama amri ya kuvumilia maumivu kimyakimya, kwa maana kila mgongo una mipaka yake. Thamani yake ni kuonyesha kwamba mwili usiopinda kama miili mingine unaweza kupata njia yake mezani. Ushahidi mwingine uko katika pool ya viti vya magurudumu, ambayo ina mashindano yake ya kimataifa, ambapo washindani hupiga wakiwa wameketi kwa usahihi ambao wengi waliosimama hawaufikii.

Wakati wa kuiweka fimbo chini

Zipo dalili ambazo hazihitaji kubadili mkao bali kumwona daktari. Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo au haja kubwa, na miguu inayolegea ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa kuwa huashiria kwamba neva zilizo mwishoni mwa uti wa mgongo zimebanwa. Homa, kupungua uzito bila sababu, jasho la usiku na maumivu yasiyotulia hata mtu akilala nayo hayapaswi kupuuzwa, hasa katika nchi za Afrika Mashariki ambako kifua kikuu, ugonjwa unaoweza kushambulia pingili za mgongo, bado kipo na kinatibika kikigunduliwa mapema. Mwenye historia ya saratani na mtu aliyeanguka au kupata ajali kabla ya maumivu kuanza wanaingia katika kundi hilohilo.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, meza bado iko wazi, na wajibu wa kuiweka wazi si wao peke yao. Mwenye ukumbi anayenunua fimbo ya kuegemezea na kuweka viti viwili karibu na meza anawarudisha wateja waliokuwa wameshakata tamaa, na mchezaji anayempangia mwenzake mipira bila kumcheka anaulinda mchezo kuliko anayejivunia nguvu ya pigo lake la kufungua. Mwenye maumivu naye achukue sehemu yake: akunje nyonga badala ya kiuno, aamue akiwa wima, apumzike kabla hajalazimika, na asikubali kuambiwa kwamba kusimama juu kidogo ya fimbo ni ishara ya kutojua kucheza. Pool hupima shabaha, subira na akili ya kupanga pigo linalofuata, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho maumivu ya mgongo yanaweza kumnyang'anya mtu aliyejifunza kuinama kwa kipimo.